Mwanga Juu ya Kaburi la Sajini

Sikutaka kwenda. Ninalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mtu wa moyo mkubwa. Mgongo ulikuwa unaniuma, na katika kibanda changu hapa Arua mjini, ninapotengeneza taa na betri za sola, kazi za watu zilikuwa zimerundikana hadi mlangoni. Lakini Jumatano asubuhi dada yangu, Mama Hawa, alinipigia simu kutoka Koboko, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea.

"Yasini, kuna mwanga iko juu ya kaburi," alisema. "Siku tano sasa. Jua nazama, yeye nawaka. Shemeji zangu nasema ni Baba Hawa nakasirika."

Baba Hawa ni marehemu mumewe, sajini mstaafu wa jeshi. Alifariki kiangazi, peke yake nyumbani, kwa sababu dada alikuwa Kuluva hospitalini akimuuguza binti yao Hawa, aliyejifungua kwa shida. Ndugu za marehemu hawakumsamehe. Mke gani, walisema, anamwacha mume afe bila mtu wa kumpa maji? Walichongoja ni eda imalizike tu wamrudishe kwetu, na ile nyumba na shamba la mihogo vibaki kwao. Eda ilikuwa inaisha Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo asubuhi waliitisha kikao. Sasa wakawa na shahidi juu mbinguni.

"Nitawaambia hakuna kitu," nilimjibu.

"Usiseme hivyo. Hata mimi naanza kuamini. Si ni kweli nilimwacha?"

Hapo ndipo nilipofunga kibanda.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nikawasha pikipiki yangu nzee, ikagoma, nikaibembeleza, ikakubali. Mke wangu alinifungia mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai. Nilipita Ayivu nikipishana na watu wa baiskeli wanaoleta magunia mjini. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki hiyo. Mtama ulikuwa ndiyo kwanza unachomoza, na hewa ilikuwa na harufu ya majivu yaliyoloa, maana kiangazi chote watu huku huchoma nyasi mpaka anga linakuwa la kijivu.

Kuelekea saa nne, nikiwa Maracha, mvua ilinikamata. Nilijibanza barazani kwa mama mmoja muuza sabuni na chumvi. Nilimwambia naenda Koboko.

"Kule nyota imeshuka," alisema, kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Iko juu ya nyumba ya mjane. Hapana lala huko."

Mbele kidogo niliposimama kukaza mnyororo, mwendesha boda mmoja alinihakikishia kwamba si nyota, ni ndege ya jeshi inayosimama hewani bila kelele. Wa tatu aliniambia mwanga una ukubwa wa ungo. Kadiri safari ilivyopungua ndivyo mwanga ulivyozidi kukua, nami ndivyo nilivyozidi kuchoka.

Saa tisa alasiri nilifika kwa dada, upande wa pili wa mji. Nyumba iko kwenye kilima kidogo, kaburi liko uani, na nyuma ya kaburi umesimama mkaratusi mrefu kuliko kitu chochote pale. Dada alinipokea kwa ndani, amejitanda kitambaa cheupe, amekonda. Aliniwekea maharage, nikala.

Sebule ilikuwa kama Sajini alivyoiacha, na hapo nilicheka kidogo licha ya yote. Yule mtu alikuwa wa kufunika vitu. Kile ambacho sisi huku tunakiita kavera, yaani mfuko wa plastiki, kwake kilikuwa nguo ya kila kitu. Redio ilikuwa ndani ya kavera. Saa ya ukutani, ndani ya kavera. Viti alivyonunua miaka kumi iliyopita bado vilikuwa na plastiki ya dukani, vinakushika mapaja ukinyanyuka. Ukimwuliza, alikujibu kijeshi: kitu bila kavera ni kitu kinachokufa.

"Ule mwanga naupata kwa dirisha," dada alisema. "Mimi nafunga pazia. Naomba dua. Halafu yeye nazimika."

"Hujatoka kuangalia?"

"Niko kwa eda, Yasini. Na hata kama sikuwa kwa eda..."

Jua lilipokuwa linazama, Mzee Rajab, kaka mkubwa wa marehemu, alinipeleka ng'ambo ya kijito. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama huko wanatazama kilimani. Hakuna aliyekuwa tayari kukanyaga ua ule baada ya magharibi. Giza lilipoanza kuingia tu, ukawaka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, sikucheka. Mwanga mweupe, wa baridi, ulining'inia juu kabisa ya kilele cha kilima, unatetemeka, unajificha, unatokea tena. Chini yake kulikuwa na kaburi.

"Unaona?" Mzee Rajab alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu mbaya, ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Ndugu yangu alikufa bila mutu. Sasa yeye natafuta bibi yake, amuulize ulikuwa wapi."

Tulisimama mpaka miguu ikaniwaka. Kisha mwanga ulipepesa, mara moja, mara mbili, mara tatu, ukazimika. Watu walishusha pumzi. Mimi sikushusha yangu, kwa sababu niliutambua. Niliwahi kuleta katoni moja ya taa za sola, na zote zilikuwa na tabia hiyo: betri ikikaribia kwisha hupepesa mara tatu, kisha basi. Moja nilimpa dereva ampelekee Sajini.

Niliisahau. Au niseme ukweli: nilijisahaulisha. Wiki moja kabla hajafa alinipigia simu kunieleza kwamba taa haiwaki, na akanieleza aliitakia nini. Nilimjibu kwamba nitakuja wiki ijayo. Ndilo jibu langu kwa kila mteja. Sikulala vizuri usiku ule, kwani nilijua kwamba kesho kuitaja taa peke yake hakutatosha. Itabidi niseme na hilo la simu, mbele ya dada yangu, nami niliona haya.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, ndugu za marehemu walikaa uani kwenye viti vile vyenye plastiki ya dukani. Niliwaomba wanifuate mpaka kwenye mkaratusi. Kwenye shina palikuwa na kamba imefungwa fundo safi la kijeshi. Kila mtu alikuwa ameiona. Mbuzi wa dada alikuwa amefungwa papo hapo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ncha ya pili inapanda juu mpaka ndani ya majani. Sajini alikuwa mtu wa mawasiliano jeshini. Kurusha jiwe lenye kamba juu ya tawi ilikuwa kazi yake ya ujana, alipokuwa akipandisha waya za redio.

Nilifungua fundo nikaanza kuteremsha, mkono juu ya mkono, kama bendera. Taa ikashuka. Kwenye kioo chake cha sola bado yalining'inia mabaki ya kavera, meusi kwa vumbi na masizi ya kiangazi.

"Ndiyo hii," nilisema. "Aliifunika isinyeshewe, na jua nalo likashindwa kuingia. Upepo wa mvua hizi umeipasua kavera. Taa imeshiba jua, inawaka."

Mtu mmoja aliguna. Mzee Rajab aliigeuza taa mikononi.

"Taa iko taa," alisema. "Lakini aliweka kwa nini? Yeye alikuwa nalala mapema kama kuku."

Dada alikuwa amekuja mlangoni. Nikasema. Nilisema kwamba alinipigia simu, kwamba niliahirisha, kwamba laiti ningekuja ningeiondoa ile kavera kwa dakika moja na pengine ningemkuta mgonjwa, hangekufa peke yake. Lawama waliyombebesha dada yangu miezi minne, nusu yake ilikuwa yangu.

"Na alisema nini?" Mzee Rajab aliuliza.

"Alisema: 'Fundi mjinga wewe, taa yako iko bure. Bibi yangu atarudi kutoka Kuluva, gari itamwacha barabarani na giza. Mimi na mguu hii siwezi kwenda kumpokea. Nataka aone nyumba toka mbali, asijikwae.'"

Mzee Rajab aliacha kuigeuza taa. "Alikuita mjinga?"

"Kwanza kabisa. Kabla ya salamu."

Mzee Rajab alitikisa kichwa, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Huyo ni yeye," alisema. "Huyo ni yeye kabisa."

Dada alivuka ua akaichukua taa. Aliyabandua mabaki ya kavera polepole, akayakunja, akayaweka kifuani. Halafu akamrudishia shemeji yake taa. "Pandisha," alisema. Mzee Rajab akavuta kamba. Kuhusu kuhama hakuna aliyesema tena. Wazee waliomba dua, wakanywa chai, wakaenda msikitini.

Niliondoka saa nane mchana. Njiani yule mama wa Maracha alitaka kujua habari za nyota. Nilimwambia ni taa ya shemeji yangu. Hakufurahi, nyota ilikuwa nzuri zaidi. Nilifika Arua nimelowa, mgongo umekufa ganzi, kazi za watu ziko palepale mlangoni. Sikurudi na elimu ya mbinguni. Nimerudi nikiogopa maneno mawili, wiki ijayo, na tangu siku ile sijamwambia mtu tena.

Usiku ulipoingia nilimpigia dada. "Imewaka?"

"Imewaka. Eda imekwisha, nikatoka. Nimetembea mpaka barabarani, kule gari nasimama. Halafu nikageuka, nikarudi peke yangu nikiiangalia. Sikujikwaa, Yasini."