Sehemu ya Karisimbi

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni hapa Goma, na nilikuwa na wazimu wangu. Padri mmoja alikuwa na gramafoni. Siku niliposikia okestra ndani yake, nilianza kutunga muziki wa fidla katika mji usio na fidla hata moja. Walimu wenzangu walisema nimesuka kamba kabla ya kupata ng'ombe. Waliniudhi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilitaka muziki huo uwe wa milima yetu miwili. Kwetu Masisi wazee walisema kwamba mtu aliyeingizwa katika ibada ya mizimu akifa huenda Karisimbi, kwenye ubaridi, pombe na vicheko. Asiyeingizwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Moto niliuandika upesi. Karisimbi ilinishinda, kwa maana nilihitaji wimbo wa walioingizwa, na wenyewe hawauimbi mbele ya asiyeingizwa.

Mama yangu aliingizwa akiwa msichana, kabla ya ubatizo. Kila nilipomwomba wimbo, aliendelea kutikisa kibuyu chake cha maziwa, siagi ishikane, kana kwamba sikusema kitu. Nilidhani anamwogopa padri, au kiapo cha ibada ile. Nikanuna kama mtoto, nami nilikuwa na ndevu.

Mwishowe nikajibunia wimbo wa Karisimbi. Jumapili moja baada ya misa, fanfari, yaani bendi ya shule, ikaupiga muziki wangu uani, klarineti zikishika sehemu za fidla. Mama aliketi mbele na kitenge chake kipya. Nyiragongo iliwafanya watu wapige makofi. Karisimbi ilipoanza, aliinamisha kichwa.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kama nilikaribia.

"Hapana," akasema. "Haiko vile."

Hasira ikanipanda. Nikamwambia basi aniimbie vile ilivyo, mara moja tu, kisha nisimsumbue tena.

Alisimama. "Papa," akaniita, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Ile wimbo ni ya kwenda kule. Mi niliingizwaka, weye hapana. Ningekufa vile, mi ningeenda Karisimbi, weye wangekutupa mu moto. Ulipozaliwa ndio nilikubali mayi ya padri, juu siku moja mi na weye tufike fasi moja, mbinguni. Sasa unataka niimbe, nirudie kule peke yangu?"

Nikamshika mkono, tukaendelea kutembea taratibu juu ya mawe meusi, na sikumwomba tena.

Mama amekufa siku nyingi, na wimbo ule siujui mpaka leo. Imani yangu si kubwa, mapadri wenyewe wanajua. Lakini Jumapili sikosi misa. Nataka kumkuta.