Maji ya Kijani na Samaki wa Birikani

Kilichonitia kinyaa kwanza kilikuwa mswaki. Niliukuta jikoni, kwenye ukingo wa karo, kando ya vikombe vya chai, umejaa nywele za kijani zilizolowa na kudondosha ute. Nilipiga ukelele mpaka mume wangu akatoka ukumbini mbio, mikono imelowa hadi viwikoni. Aliuokota kwa upole, akasema, "Nisamehe, mwenzangu. Nilikuwa nasugua mawe."

Nililiosha karo kwa sabuni, nikalimwagia maji ya moto, nikaliosha tena. Vikombe vile sikuvitumia siku ile.

Mawe yenyewe yalikuwa ndani ya tangi la vioo alilolipata hoteli moja ilipofungwa na kugawa vitu vyake. Lilikuja na samaki wadogo wa rangi, na matumbawe hai yanayofunguka na kujifumba kama vidole vya mtoto mchanga. Nasema kweli, siku za kwanza nililipenda. Mume wangu alikuwa amestaafu ualimu wa sayansi, na tangu turudi kutoka Faza, kisiwa cha jirani, alikosomesha miaka mingi na ndiko alikonioa, kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kutazama ukuta wa jirani. Ukimsemesha anajibu "naam," kisha kimya. Tangi lilimrudishia sauti. Akawa anaamka ana jambo la kufanya, anakula, anasimulia. Nilijua wazi kwamba tangi likiondoka, yule mtu wa barazani atarudi, na mimi simtaki yule.

Lakini pua yangu haikujali hayo.

Tulikuwa tukiishi kwa mama yake, nyumba ya mawe ya zamani mjini Lamu, kuta nene, madirisha machache, harufu ikiingia haina pa kutokea. Baada ya muda mawe ya tangini yakaota manyoya ya kijani. Kioo kikashika ukungu wa kahawia. Juu ya mchanga kukatanda kitu chekundu, laini, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na mume wangu alipokivuta kilitoka kipande kizima, kikaning'inia kwenye kidole chake kikitoa mapovu. Mimi nimezaliwa kwa wavuvi. Nimepara samaki kabla sijajua kusoma. Vumba halinishindi, matumbo ya papa hayanishindi. Utelezi ndio unaonishinda. Kitu laini kisicho na mwanzo wala mwisho, ukikigusa kinakung'ang'ania, hicho kinanisisimua mwili mzima na kuniacha na mate ya chumvi mdomoni.

Alisugua, akabadilisha maji, akapunguza chakula cha samaki. Magugu yakazidi. Ndipo mwenzake mmoja wa Mombasa, mfugaji wa samaki kama yeye, akamletea chupa ya maji ya kijani.

"Hii ni mimea hai," mume wangu aliniambia, akiitikisa mbele ya uso wangu. "Midogo sana, haionekani kwa jicho. Inakula kile kile kinacholiwa na magugu. Nikiimimina kidogo kidogo kila siku, itayanyang'anya chakula, na matumbawe nayo yataila hiyo mimea. Magugu yafe njaa."

"Kwa hiyo tangi limejaa uchafu wa kijani," nikasema, "na dawa yake ni uchafu mwingine wa kijani."

"Hasa!" akasema, amefurahi kwamba nimeelewa.

Akaanza kuizalisha mwenyewe. Chupa kubwa za soda zikapangwa dirishani, ndani yake maji ya bahari yaliyochemshwa na kupozwa, mbolea kidogo ya maua, na mipira myembamba ya hewa ikibubujisha kutwa kucha. Rangi ilianza hafifu, ikakoza mpaka ikawa mchicha uliosagwa. Umeme ulipokatika na hewa kusimama, alizitikisa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na chai yake ikapoa mezani. Chupa iliyokufa aliijua. Hugeuka njano, na ukifungua kifuniko inatoka pumzi ya yai viza. Siku moja alinipa ninuse nijifunze tofauti. Nilikimbilia uani nikatapika kifungua kinywa chote, mpaka mahamri.

"Iliyokufa haifai," aliniambia kutoka nyuma yangu. "Ukiitia majini inaoza, magugu yanapata chakula upya."

Nilimwambia akininusisha tena nitampiga nayo.

Kisha vikaja vidudu. Alinivuta nitazame kioo kwa kurunzi, nikaona vitu vyeupe kama chembe za chumvi vinarukaruka, vingi visivyo na idadi. Kwake ilikuwa bishara njema, eti vimeshiba ile mimea na samaki nao watashiba. Mimi nilijikuna mpaka adhuhuri, na wali wa mchana niliutazama punje kwa punje.

Mama mkwe hakuwa na tabu na lolote. Tangu ile homa iliyofunga misikiti na shule, pua yake haikurudi tena kunusa, na macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Isitoshe, alichofanya mwanawe ndicho sawa. Alikuja ukumbini na tasbihi yake, akakaa mbele ya tangi, akauliza maswali. Yeye pia alikuwa mfugaji. Upande wa pili wa ukuta ule ule uliosimamishiwa tangi kulikuwa na choo cha chini, na ndani yake birika lake la kuogea, lililojengwa kwa chokaa tangu zama za mababu. Humo waliishi samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kauri limezikwa chini ili wapate pa kukimbilia maji yakipungua. Walikuwa uzao wa samaki wa birika la mama yake. Alikuja nao alipoolewa, ndani ya mtungi. Watu wengi mjini wamevunja mabirika yao. Sisi wenyewe tulikuwa tukioga juu, kwa bomba, na mama kwa ajili ya magoti yake alipelekewa maji ya moto chumbani. Birika lilibaki la samaki, na kila asubuhi alikwenda peke yake kuwasabahi na kuwatilia chembe za mkate.

Na ile dawa ya kijani ikafanya kazi. Sipendi kulisema, lakini ilifanya. Manyoya ya mawe yalififia, yakakatika, yakaisha. Ule utando mwekundu ukajikunja na kupotea. Kioo kikawa safi mpaka ukawa huoni kama kipo, na mume wangu akawa anaimba wakati wa kunyoa ndevu.

Hapo ndipo uvundo ulipoanza.

Ulianza asubuhi moja kidogo tu ukumbini, kama kitambaa cha kufutia meza kilichosahauliwa kikiwa kibichi. Kesho yake ukawa mzito. Baadaye ukawa unaingia kwenye mapazia, kwenye leso zangu, kwenye unga. Nilikuwa nikila kwa kuziba pumzi. Nilifukiza udi, na udi ukachanganyika na uvundo ukazaa kitu cha tatu, kibaya kuliko vyote viwili. Binti yetu alikuwa ameposwa, na wanawake wa upande wa mchumba wake walikuwa waje kukaa nasi ukumbini pale pale. Nikamwambia mume wangu, mbele ya mama yake, kwamba wageni wakikuta uvundo huu, tangi linatoka siku hiyo hiyo, na nitalitoa mimi.

"Si tangi," akasema. "Njoo unuse."

"Nimenusa vya kutosha."

"Nusa maji yenyewe!"

Nikainama juu ya tangi, nimekunja uso tayari kwa kichefuchefu. Ilikuwa harufu ya bahari tupu, bahari ya asubuhi. Nikainuka nimeudhika zaidi, maana sasa sikuwa na wa kumlaumu. Nikanusa zulia. Nikanusa nyuma ya makochi. Nikaufuata ukuta nikinusa kama paka, nikatoka ukumbini, nikapinda, nikasukuma mlango wa choo cha chini.

Uvundo ulinipiga usoni. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya birika, kikombe mkononi, ametulia kabisa.

"Mama," nikasema nimejiziba pua kwa ukaya wa kichwani, "birika lina nini?"

"Lina dawa," akasema. "Kuta zake zilikuwa na ukoga, mai yameshika kijani. Nimeona dawa ya mwanangu namna ilivyosafisha mawe yake, nami natia ile ile, kikombe kila asubuhi. Lakini sikumwibia zile nzuri. Natwaa zile za manjano alizoziweka kando. Sasa nangoja mai yatakate."

Nilichota kwa kata. Maji yalikuwa mazito, yana povu, na yalipomiminika kurudi birikani yalivutika. Ndani ya kata kulikuwa na samaki wawili, weupe, wamevimba, mmoja hana tumbo. Nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

"Hawaonekani siku hizi," mama alikuwa akisema. "Wamejifita kwenye bakuli. Wanaogopa dawa."

Mume wangu aliingia. Alitazama kata, akatazama maji, akatazama kikombe kwenye mkono wa mama yake, na kile cha njano kilichobaki ndani yake. Nilimwona akielewa. Akapiga magoti pale kwenye sakafu yenye utelezi.

"Mama, samaki wamekufa."

"Wamekufa?" Alishika ukingo wa birika. "Wamekufa na nini? Dawa yako yaua?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari, kuhusu chupa zilizooza na chupa nzima, na maji ya chumvi kutiwa kwenye birika la maji matamu. Mume wangu alinitangulia.

"Dawa haikufanya kitu, mama. Ni tangi langu. Limevuja. Maji ya bahari yamepenya ukutani yakaingia birikani."

Mama mkwe akalia, bila sauti, akijifuta kwa mkono ule ule wenye kikombe. Alimtaja mama yake. Alipomaliza akasema, "Kiondoe kitu chako nyumbani kwangu. Leo."

"Naam," akasema mume wangu.

Birika nililisafisha mimi, maana yeye alikuwa akitoa matumbawe. Nilichota mpaka kata haikupata kitu, halafu nikaingiza mikono. Chini kulikuwa na tope laini la kijani na njano, na ndani ya tope miili, na bakuli la kauri lilikuwa limejaa. Wote walikuwa wamekimbilia humo. Tope liliniteleza katikati ya vidole, likaingia kuchani. Nilitapika kwenye ndoo, nikaendelea. Siku kadhaa baadaye nilikuwa bado naula uvundo ule na mkate.

Tangi lilipelekwa skuli moja Faza. Tulilisindikiza mpaka botini, maji yake kwenye madumu, matumbawe kwenye ndoo zilizofunikwa, kioo kitupu kimeviringishwa kwa godoro, safi, bila doa. Hatukujua kama kuna kitakachofika bandari ya Mtangawanda, njiani kwenda Faza, kikiwa hai. Mume wangu hakuuliza. Alirudi nyumbani akakaa barazani.

Wageni wa binti yetu walikuja, wakasifu udi. Walipoondoka nilimpelekea mama mkwe chai chumbani. Hakuipokea, nikakiweka kikombe mezani.

"Wewe ndiye mwenye pua nyumba hii," akasema. "Hukusikia mai ya bahari yakiingia kwa samaki wangu?"

Nilimwona mume wangu kupitia mlango, mgongo wake, na ukuta wa jirani mbele yake.

"Nilisikia, mama."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Akanitazama kwa kinyaa. Nakijua kinyaa, nimeishi nacho, na kile kilikuwa chenyewe hasa, kilianzia kwenye pua yake isiyonusa kikashuka mpaka mdomoni. Akakisukuma kikombe kando kwa ncha ya kidole, kwa kuwa mkono wangu umekigusa. Nikakichukua, nikaenda kukiosha.