Mbegu za Ufagio

Nikinunua ufagio mpya wa mtama sokoni Same, kwanza naulowesha, halafu naunusa. Wanangu hunicheka. Hawajui kwamba harufu ile ya vijiti vibichi ndiyo ya uani kwa Bibi yangu, kule Vudee.

Bibi alipanda mtama wa fagio, ule wenye mashuke marefu. Alikwangua punje kwa kisu butu, akalowesha vijiti, akavifunga kwa kamba ya mkonge huku akiikaza kwa unyayo. Nusu ya kijiji ilifagia kwa kazi ya mikono yake. Mashuke marefu kuliko yote hakuyafanya fagio. Aliyaning'iniza juu ya moshi wa jikoni yawe mbegu ya mwaka unaofuata.

Nikiwa darasa la tatu, mwalimu alitutaka kila mmoja aje Jumatatu na ufagio. Jumapili Bibi akiwa kanisani, nami nikitaka ufagio wa kuwatia wenzangu wivu, nilipanda kwenye meza, nikayashusha yale marefu, nikayakwangua yote. Punje nikawapa kuku, nikajiona mkarimu kweli.

Bibi aliporudi alitazama juu, akawatazama kuku, akakaa chini.

"Namkunda, umewalisha kuku shamba langu zima," alisema.

Nilisubiri fimbo, haikuja. Asubuhi nilikwenda shule na ufagio wangu uliokwenda upogo, naye akashuka kijiji cha Bendera kwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu babu. Ni huyo tu aliyebaki na mbegu ile, na hawakuwa wakisemeshana tangu matanga ya babu. Siku ya tatu alirudi na kifurushi cha mbegu, akaendelea na kazi zake. Mimi nilifurahi kwamba nimeponea.

Miaka mingi baadaye, tulipomzika Bibi, yule wifi alinishika mkono.

"Huyu alikuwa na kiburi," alisema. "Miaka minane hakuniamkia. Siku moja akaja, akapiga goti mbele ya wakwe zangu wote, akasema shikamoo wifi. Eti mbegu zake zimeliwa na panya."

Nikamwambia panya mwenyewe nilikuwa mimi.

"Nilijua kuna mtu anamkinga," alisema. "Panya hawafiki kwenye moshi. Ndiyo maana nilimwitikia."

Nami miaka yote nilidhani siku zile hakuna aliyeadhibiwa.