Usikimbie na Sumu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokalishwa chini kwa nguvu, na ndiyo maana leo niko hai nakusemesha.

Nilikuwa kijana, nimeshuka kutoka milimani kwetu Upareni kukata mkonge kule tambarare ya Same. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa mbio hakuna aliyenipata, na nilijivunia hilo kupita kiasi. Nyoka aina ya kifutu aliponigonga juu ya kifundo cha mguu, nikatupa panga, nikatimka kuelekea barabarani kutafuta gari la hospitali. Sikufika mbali. Nyapara wetu, mzee wa Kigoma, alinikamata kiunoni akanibwaga, kisha akanikalia.

"Niache, mzee, nitakufa."

"Kimbia basi, ufe upesi. Moyo ndio pampu. Ukikimbia unapiga kwa kasi, unaisambaza sumu. Mdogo wangu alikimbia. Nilimzika."

Nikaacha kufurukuta. Mwenzetu mmoja alileta kamba anikaze mguu, nyapara akamnyang'anya. Mwingine aliyekuja na wembe wa kunichanja naye akafukuzwa. Wakaunyoosha mguu, wakaufungia fimbo usitikisike, wakanipakia kwenye tela la trekta.

"Leo Mpare anasafiri bila kulipa nauli," mmoja akanitania. Nikacheka, wakaona fizi zangu zinatoka damu. Utani ukaishia hapo.

Hospitalini, daktari aliweka damu yangu kwenye kichupa cha kioo, ikagoma kuganda. Akanieleza kwamba sumu ya kifutu haibaki mguuni: inavuruga damu, inashusha presha, moyo unahangaika, figo nazo zinaweza kugoma. Mimi nilikuwa nayaona mwilini mwangu. Moyo mara unakwenda mbio, mara unasita, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Wakanitundikia dripu ya dawa ya sumu ya nyoka.

Nilipopata nafuu, nyapara alikuja kunitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa kimbia."

Mwanangu, unashuka Kileo kulima. Vaa buti. Nyoka akikugonga, usikimbie, usikaze kamba, usichanje, wala usipoteze muda na jiwe la nyoka linalodaiwa kunyonya sumu. Usidanganyike kwa sababu hujavimba. Wako nyoka ambao sumu yao hulegeza kope, kisha kifua, mpaka pumzi inakata. Kaa chini, tuliza mguu, ita watu wakubebe mpaka hospitali. Kubebwa si aibu. Mimi na kiburi changu chote nilibebwa kama gunia.

Nenda. Mungu akulinde kila unapokanyaga, na siku utakapotishika, autulize moyo wako.