Jipu Lililonishusha Baiskeli

Wenzangu mnaoendesha, asalaam alaykum, na wale wa salamu nyingine pia nawasalimu. Mimi ni Somoe Bakari wa Mtawanya, hapa Mtwara, yule mama wa pweza mnayemwona Chuno na Ufukoni na tenga nyuma ya baiskeli. Leo sikuja kuuza. Nimekuja kuwaeleza ugonjwa ulionipata mahali ambapo mtu hapendi kupataja, na jinsi nilivyopona. Nasema kwa sababu naona hapa hapa baadhi yenu mmekaa upande mmoja.

Baiskeli nimeipanda tangu sijavunja ungo. Baba yangu ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka akiwa kijana, akalima mpunga Mahurunga, akaoa hapo hapo. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, akikimbia nyuma yangu ameshika keria. Nilipoolewa na Issa nikahamia Mtawanya. Mume wangu ana mikorosho yake, mimi nikaanzisha biashara ya pweza. Naondoka baada ya swala ya alfajiri, nafika Msimbati maji yametoka, nanunua kwa akina mama wanaochokoa miambani, kisha narudi mjini jua likiwa kali. Barabara ile mnaijua. Kuna mchanga unaomeza tairi, kuna kokoto zinazokurusha, na lami unaifikia ukiwa hoi. Lakini mwili wangu ulikuwa umezoea. Nilikuwa mzima, nina nguvu, nacheka na kila mtu njiani.

Basi siti yangu ya zamani, ile pana yenye springi, ikakatika. Fundi akaniwekea nyingine aliyoitoa kwenye baiskeli ya mtumba. Nyembamba, ngumu kama mchi.

"Hii ni ya watu wa mashindano, dada," akaniambia. "Utapaa."

Nikafurahi. Alikuwa ameifunga juu kuliko urefu wa miguu yangu, na ncha yake ilitazama angani. Mimi sikujali. Nilipokanyaga pedali kiuno kilikwenda huku na huku kama mtu anayetwanga, lakini nilikwenda.

Ulikuwa msimu wa joto, mvua hazijaanza. Navaa taiti chini ya gauni, na taiti ile ilikuwa na mshono mnene unaopita pale pale mtu anapokalia. Jasho, mshono na siti ngumu, vyote vitatu vikanisaga. Mwanzo nilihisi moto tu. Nikioga jioni, maji yananichoma kama nimekamuliwa ndimu. Nikapaka mafuta ya nazi, juu yake nikamwaga poda, vikagandana kama uji. Kesho yake nikapanda tena.

Ngozi ikachubuka. Halafu, pale kalio la kulia linapokutana na paja, kikatoka kipele. Nikajifungia chooni, nikakitumbua na pini ya mtandio. Kilitoa majimaji kidogo, nikajiona nimekuwa daktari.

Kumbe nimeufungulia mlango ugonjwa. Kipele kile kikarudi na ndugu zake. Pakawa pagumu, pana joto, panadunda kama moyo. Uvimbe ukawa kama korosho, kisha kama yai la kuku. Kwenye kinena nikapata mtoki, mguu ukawa mzito. Barabarani nikawa naendesha nimesimama juu ya pedali, nikichoka nakalia upande wa kushoto, hadi mgongo nao ukaanza kulia. Kwenye swala, kusimama naweza, kurukuu naweza, ila kile kikao cha tahiyatu kilinitoa jasho la usoni. Wageni wakija nasema, "Kaeni, mimi naangalia jiko," na jikoni hakuna kitu.

Hospitali sikwenda. Niliona haya. Niende nikamvulie nani nguo? Na watu wakijua nina kidonda huko, watasema ni ugonjwa wa mambo mengine. Hata mume wangu sikumwambia. Kitandani nililala nimempa mgongo, uso ukutani.

"Mama Zaituni," akaniuliza siku moja, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona nikisogea unaruka?"

"Joto, baba Zaituni. Joto tu."

Akavuta mto wake. Mimi nikauma shuka.

Siku iliyoniangusha, nilitoka Msimbati na tenga limejaa. Jua lilikuwa linachoma, nami nilikuwa natetemeka kwa baridi. Meno yanagongana. Nilipokaribia Madimba macho yakaingia kiza, gurudumu likazama mchangani, nikaanguka na baiskeli juu yangu. Sikuweza kuinuka.

Mama mmoja akatoka mbio kwenye nyumba ya karibu. Anaitwa Mama Joze, Mmakonde ambaye wazazi wake walikuja kutoka Msumbiji kama baba yangu. Alinivuta kivulini, akaniletea maji.

"Unaumwa wapi?"

"Mguu, mama."

"Mguu gani huo unaokukataza kukaa?" Akanizunguka, akaona gauni limelowa nyuma na kunuka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Niangalie?" Nikaitikia kwa kichwa. Alipofunua alivuta pumzi. "Hili ni jipu, mwanangu, na limekula ndani. Utakufa na haya zako!"

Akasimama katikati ya barabara, mikono juu, akalisimamisha gari dogo lililobeba korosho. Wakanipandisha, nikalalia tumbo juu ya magunia. Kwa kila shimo la barabara nilimwita Mungu. Pweza nilimwachia Mama Joze, na nasikia majirani zake walikula wakashiba.

Hospitalini nilipokewa na daktari wa kike, mdogo kuliko mimi. Hata hapo bado nilimwambia naumwa kiuno. Akanitazama nilivyosimama, nimeegemea mguu mmoja.

"Panda kitandani, mama, ulalie tumbo. Mimi nimeona mengi."

Akabonyeza pembeni ya uvimbe kwa kidole kimoja. Nilipiga kelele zilizosikika getini.

"Ulilitumbua?"

"Na pini."

"Na baiskeli ukaendelea kupanda?"

"Nikaendelea."

Akavua glavu. "Sikiliza. Uchafu umeanza kuingia kwenye damu, ndiyo maana una homa na baridi. Tunapasua leo hii. Ukirudi nyumbani hivi, sitaki kukudanganya, unaweza usiamke." Wakanipima sukari pia, kwa sababu majipu mengine huletwa na hiyo. Ilikuwa sawa.

Alipopata habari, Issa alifika akiwa na vumbi la shamba mwili mzima. Daktari akamweleza. Mume wangu akarudia kama mtu asiyesikia vizuri.

"Jipu? Ni jipu?"

"Ni jipu, lakini ni baya."

Akakaa sakafuni pale pale, akafunika uso kwa mikono. "Mimi nilidhani moyo wako umehama," akaniambia. "Nilidhani unaniacha." Nikalia. Yeye akalia. Daktari akatuambia tutalia vizuri baadaye, sasa tumpishe afanye kazi.

Sindano ya ganzi iliuma kuliko uzazi wangu wa pili. Baada ya hapo nilisikia tu kama mtu anachana kitambaa. Usaha ukatoka, mwingi, mzito, wa rangi ya maziwa yaliyoharibika yenye damu. Muuguzi akafungua dirisha. Lakini raha niliyoipata! Uzito uliokuwa umenikandamiza uliondoka palepale, kama mtu kanitua mzigo kichwani. Nikawekewa dripu ya dawa, na usiku ule nililala kama mtoto, nimelalia tumbo.

Msidhani ndiyo nilipona. Jipu likipasuliwa halishonwi, linaachwa wazi lijazike kutoka chini. Shimo langu lilimeza kidole. Kila siku walitoa kitambaa cha gozi cha jana na kuingiza kingine, na kila siku nilimtaja marehemu mama yangu. Niliporuhusiwa kwenda nyumbani, Issa akamwomba muuguzi amfundishe. Mwanaume yule anayeogopa hata kuchinja kuku alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akanisafisha mimi mkewe, huku akinihadithia habari za shambani ili nisisikie maumivu. Nilikaa ndani ya beseni la maji vuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni. Vidonge nilimeza mpaka vikaisha, ingawa homa ilishaondoka.

Maneno nayo yakaja. Bombani walisema yale yale niliyojua watasema. Na wifi yangu, dada yake Issa, akaja na uji na mawaidha.

"Wifi, iuze baiskeli. Mwanamke na siti ya chuma wapi na wapi? Mungu kakuonyesha."

Kabla sijajibu, Issa akasema kutoka mlangoni, "Dada, mimi nikianguka kwenye mkorosho utaniambia niukate? Jipu lilimpata mtu. Halikumpata mwanamke."

Wifi akanimiminia uji. Habari zilimfikia na baba yangu Mahurunga. Yeye akatuma mtu aniambie nisirudie tena, kwamba mzee hataki kuzika mtoto kwa ajili ya pweza. Hilo lilinikata maini, kwa kuwa ni yeye aliyenifundisha kuendesha.

Kidonda kikajaa polepole, nyama nyekundu ikipanda kutoka chini, mpaka siku moja daktari akabonyeza na mimi nikacheka badala ya kulia.

"Pamefunga," akasema.

"Naweza kuendesha?"

"Ngozi ikomae kwanza. Na siyo kwa siti ile uliyonieleza. Tafuta pana, ilale sawa, isitazame juu. Na uishushe. Ukikanyaga pedali hadi chini goti likunjike kidogo, kiuno kisicheze."

Nikaenda kwa fundi. Nilipomweleza aliishika ile siti nyembamba akaitazama. "Dada, nisamehe. Nilikupa ya kijana asiye na kiuno." Tulicheka mpaka spana ikamdondoka. Akanitafutia pana, tukaipima pamoja, nashuka, napanda, anashusha, analegeza, anakaza. Taiti nikashona mpya isiyo na mshono katikati.

Mwanzo nilizunguka uwanja wa mpira tu, watu wakitazama. Kisha Ufukoni. Kisha Msimbati. Madimba nilishuka kwa Mama Joze nikampelekea kanga, tukakumbatiana barabarani mpaka pikipiki zikapiga honi.

Halafu nikasema sasa naenda kwa baba. Tangu niolewe sikuwahi kwenda Mahurunga kwa baiskeli, huwa napanda gari. Nilitoka asubuhi. Kila nilipoona kipande cha barabara kimenyooka nilisimama juu ya pedali kidogo, damu itembee. Nilipumzika, nikanywa maji, nikakausha jasho. Nilipoanza kuona mpunga wa bondeni na kunusa tope la mto, nikaanza kuimba. Peke yangu, kwa sauti mbaya.

Baba alikuwa anatengeneza jembe nje. Hakunitambua mpaka niliposimama mbele yake.

"Umekuja na nini?"

"Na hii, baba."

Akaweka jembe chini. Akaizunguka baiskeli, akaibonyeza siti kwa kiganja, akanitazama mimi kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Sema kweli, Somoe."

"Haki ya Mungu, baba. Hapaumi hata kidogo."

Akaita majirani. Mzee yule aliyetuma mtu kunikataza akawaambia, huku kifua kimemjaa, "Mwanangu katoka Mtwara kwa miguu yake na pedali!" Siku ile nilichinjiwa kuku.

Wenzangu, nawashukuru walioniokoa, na juu ya wote namshukuru Mungu. Na ninyi nawaombeni. Ukihisi moto pale unapokalia, pumzika siku hizo, usishindane nao. Osha, kausha, vaa nguo safi isiyokusaga, na ukishuka usikae na nguo iliyolowa jasho. Paka mafuta kidogo kabla hujaondoka, wala usiyachanganye na poda kama mimi. Angalia siti yako kabla hujailaumu barabara. Usitumbue kitu kwa pini. Pakiwa pagumu na pana joto, au homa ikikuanza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari anaona makalio kama mimi ninavyoona pweza, hana habari nayo.

Mwenye swali aulize sasa. Mwenye haya asiondoke, anisubiri pale penye baiskeli yangu. Hana haja ya kunieleza mengi. Akisimama tu vile nilivyokuwa nasimama, nitajua, na tutakwenda wote hospitali.