Bibi Amemjua Roboti Kabla Yetu

Bibi yangu leo hataki kupokea kinywaji mkononi mwangu.

Chanzo ni ile tamthilia ya maroboti kwenye tivii. Mimi na binamu yangu Deo tulikuwa sebuleni kwa Bibi, Kibosho, tunabishana nani kati ya wale wahusika ni roboti aliyejifanya mtu. Deo anasema daktari, maana hapepesi macho. Mimi nasema askari. Nilikuwa na uhakika kabisa!

Bibi, ambaye hata Kiingereza chao hakielewi, akasema, "Ni yule mama mwenye nyumba. Kawapa wageni kinywaji bila kuonja."

Tukacheka sana. Huku kwetu anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, hupiga funda la kwanza mbele yako, ujue hajakutilia kitu. Wazungu wa kwenye tivii watayajulia wapi hayo?

Haikupita muda, mkono wa yule mama ukafunguka. Nyaya tupu!

Kicheko kikakatika. Nikamletea Bibi mbege yake, na kwa ule mshangao nikasahau kuonja.

Hakupokea.

"Onja."

Nikaonja haraka haraka.

Akaniangalia mkono, kisha usoni. "Umeonja kwa sababu nimekuambia."

Jamani, mnaonijua tangu utoto, njooni mnitetee. Deo naye kahamia kiti cha mbali.