Nilipiga besi kwenye bendi ya rock Mwanza, na kuna ujumbe wa mwimbaji wetu sikuufikisha

Wakuu, nawasalimu kutoka huku kwenye mawe. Mlionizidi umri, shikamooni.

Kwa miaka mingi humu nimekuwa msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kuandika wa kwangu. Haya yalitokea, na sehemu yake mbaya niliifanya mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyapaka rangi. Ni marefu kidogo, mnivumilie.

Naitwa Idi. Ni fundi wa redio na TV hapa Nyegezi, nakaribia miaka hamsini. Ukinikuta dukani na miwani yangu, nimeinamia saketi, huwezi kudhani kwamba niliwahi kusimama mbele za watu na suruali ya kubana nikipiga rock.

Lakini nilipiga.

Bendi yetu iliitwa Kokoto. Mji wetu ni mji wa mawe, tukaona jiwe zima ni kubwa mno kwetu. Tulianza watatu.

Respicius alipiga gitaa la solo. Mama yake alikuwa nesi, walihamia Mwanza kutoka Bukoba, na yeye ndiye pekee aliyekuwa na gitaa la umeme la kweli. Masanja alipiga drams. Kwao ni mafundi bati, watu wa masanduku ya wanafunzi na ndoo, kwa hiyo matoazi yetu yalikatwa palepale kwenye karakana ya baba yake. Yalilia vibaya, lakini yalilia.

Mimi nilikuwa besi. Lilikuwa gitaa la kawaida nililoling'oa nyuzi mbili nyembamba. Amplifaya aliiunga marehemu baba yangu kutoka kwenye mabaki ya redio mbovu za dukani kwake.

(Mtauliza rock tuliitoa wapi. Kuna mteja alileta redio kaseti kwa baba, akaiacha na kanda ndani, hakurudi tena. Kanda ile tuliisikiliza mpaka ikaanza kupiga miluzi. Kiingereza chake hatukukipata vizuri. Magitaa tuliyaelewa.)

Mazoezi tulifanyia kwenye ghala la zamani la pamba, karibu kabisa na maji. Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani wamepumzika.

Naomba nilielezee kidogo ghala lile, maana mpaka leo naliota.

Lilikuwa halina kitu ndani, lakini pamba ilikuwa haijaondoka kabisa. Ilikuwa imenasa juu kwenye kenchi za paa. Masanja akipiga dram kubwa, nyuzi nyeupe zinashuka polepole, zinapita kwenye mwanga wa dirishani, zinatua mabegani kwetu. Nje unasikia ziwa likigusa mawe. Ukipiga noti ndefu ya besi, bati la ukutani linakujibu. Kuna siku tuliacha kupiga wote watatu bila kuambiana, tukawa tunaangalia tu pamba inavyoshuka.

Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo.

Jumapili moja msichana alisimama mlangoni. Alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na viatu mkononi, maana alikuja akikanyaga maji ya ufukweni. Alisikiliza nyimbo mbili. Respicius akamuuliza anataka nini.

Akasema, "Mnapiga vizuri. Ila mnaimba kama mnaita ng'ombe."

Huyo ndiye Kabula. Kwao ni Kisesa, upande wa Bujora, ila alikuwa anaishi kwa shangazi yake mjini na kufundisha watoto wa chekechea. Masanja akampa maiki, nadhani kwa kumkomesha. Kabula akaishika kwa mikono miwili kama kikombe cha uji, akafumba macho, akaimba.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo chini, halafu ikipanda inanyooka. Alikuwa anachukua maneno ya kawaida kabisa anayaweka juu ya magitaa yetu. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa unaanza hivi:

Ukungu shuka taratibu, nimuone anayekuja,
kama ni wewe sogea, kama si wewe pita salama.

Kuanzia siku ile tukawa wanne.

Tulipiga wapi? Popote walipokubali. Mahafali, harusi mbili, sherehe ya wavuvi fulani waliotuomba tupunguze sauti kisha wakatuomba tuipandishe. Hatukuwa maarufu. Nje ya mitaa yetu mitatu hakuna aliyetujua.

Siku kubwa kwetu ilikuwa mahafali ya shule moja kule upande wa Kisesa. Ngoma ya asili ilitangulia, watu wakachangamka, halafu tukapanda sisi na waya zetu. Uwanja ukanyamaza. Wazee walikuwa wanatuangalia kama watu wanaosubiri kuelezwa kitu.

Kabula akaimba ule wa ukungu.

Hakuna aliyecheza. Ila hakuna aliyeondoka. Mama mmoja aliyekuwa anapakua wali alibaki ameshika upawa hewani mpaka wimbo ukaisha.

Tulipokuwa tunakunja waya, akanifuata mwanaume mmoja wa shati la bluu. Alisema ametoka Dar, ana studio ndogo, alikuja tu kwenye mahafali ya mpwa wake. Akaniomba namba ya simu. Miaka ile simu za mkononi hatukuwa nazo, nikampa ya mezani ya dukani kwa baba.

Wenzangu walimuona. Kabula naye alimuona.

Baada ya wiki kama moja, simu ikaita. Nilikuwa peke yangu dukani. Alikuwa yeye.

Akasema bendi ni nzuri kwa vijana wa mitaani, lakini yeye anamtaka yule dada tu. Aende Dar, atafikia kwa mke wake na watoto, arekodi nyimbo zake. Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau:

"Kijana, mimi nasikiliza waimbaji kila siku mpaka wananichosha. Yule dada alipoanza, nilisahau nilikuja pale kufanya nini. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Nikajibu, "Nitamwambia."

Wakuu, sikumwambia.

Nilijidanganya kwamba ninasubiri wakati mzuri. Ukweli ni kwamba nililiona ghala likiwa tupu. Niliona Jumapili bila Kokoto, mimi nimekaa dukani na redio za watu. Na siwezi kukataa, wivu ulikuwepo. Mtu yule alinipigia mimi, lakini hakuniona.

Akapiga tena siku chache baadaye. Akauliza amesemaje.

Nikamwambia, "Amesema hataki."

"Basi msalimie," akasema, akakata.

Bendi yenyewe haikumaliza hata mwaka. Respicius alipata chuo. Masanja akaenda Geita kutafuta kazi. Kabula akachumbiwa na bwana shamba mmoja wa Sengerema.

Siku ya mwisho ghalani tulibaki mimi na yeye tukifunga vyombo. Alikuwa anaviringisha waya wa maiki kwenye kiwiko, taratibu, kama hataki uishe. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Idi, hivi yule bwana wa studio hakupiga simu?"

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, ziwa limetulia, hakuna mtu mwingine.

Nikasema, "Hakupiga."

Akatikisa kichwa. "Nilijua tu," akasema. Akanikabidhi waya, akavaa viatu, akaenda.

Miaka ikapita. Nikaoa, nikazaa, baba akafariki nikarithi ufundi. Maisha hayakunipiga wala hayakunibeba. Kuna asubuhi za ukungu ambapo ufuko wote unapotea, unasikia makasia tu, na mimi nasimama mlangoni pa duka nasikia sauti ya mtu aliyeko ng'ambo. Mke wangu akiniuliza nawaza nini, nasema nawaza transfoma.

Mwaka huu, Respicius akaingia dukani. Mvi kichwa kizima, siku hizi ni mwalimu wa chuo. Alileta spika ya mwanaye. Tulikumbatiana, tukaagiza chai, tukacheka matoazi ya Masanja mpaka machozi.

Kisha akasema, "Kabula nilimuona Sengerema. Nilienda kwenye ubatizo. Kanisa zima linaimba, yeye kakaa benchi la nyuma kafunga mdomo."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilimuuliza. Akasema sauti ile ilikuwa mambo ya usichana. Akasema kama ingekuwa ya maana, yule mtu wa Dar angepiga simu."

Nikarudisha kikombe mezani.

Jioni nikamweleza mke wangu kila kitu. Ilikuwa mara ya kwanza. Aliendelea kukunja nguo mpaka nilipomaliza, akasema, "Kesho duka nitafungua mimi. Wewe nenda."

Nikapanda kivuko cha asubuhi. Daraja lipo sasa, lakini nilitaka njia inayochelewa. Maji yalikuwa ya rangi ya majivu, hayana hata mkunjo, na mawe ya Mwanza yakawa yanarudi nyuma moja moja mpaka yakawa kama yamechorwa kwenye moshi. Abiria walikuwa wanasinzia. Nilikuwa najisemea maneno nitakayosema, na kila nikiyasema yalikuwa yanapungua.

Nyumba yake niliipata kwa kuuliza. Alikuwa amekaa barazani anabangua karanga kwenye ungo. Amenenepa kidogo, amevaa miwani. Akaniangalia muda mrefu.

"Idi wa besi," akasema.

Binti yake wa miaka kama ishirini akatoka, akaniamkia, akaniletea kiti, akarudi ndani. Mumewe alikuwa shambani. Tukaulizana habari za watoto. Nikaona nikiendelea na salamu nitaondoka bila kusema kilichonileta.

Nikamwambia. Simu ya kwanza. Simu ya pili. Uongo wa ghalani.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ya pili alisemaje?"

"Aliuliza umesemaje. Nikamwambia umekataa."

"Nimekataa." Alilirudia neno lile kana kwamba anataka kujua uzito wake. "Na ile ya kwanza? Alisema nini hasa? Usiniambie kwa kifupi."

Nikamwambia neno kwa neno. Nilipofika kwenye "nilisahau nilikuja pale kufanya nini," alivua miwani akaiweka juu ya karanga.

Nikaanza kuomba msamaha, kwamba nilimnyima Dar, nilimnyima maisha mengine. Akanikatiza.

"Dar nisingeenda. Shangazi asingeniruhusu, na mimi mwenyewe niliogopa hata basi. Ningekataa, Idi. Uongo wako ulikuwa kweli."

Akaokota karanga moja, akairudisha kwenye ungo.

"Lakini ningejua," akasema. "Unaelewa? Ningekuwa hapa hapa, na karanga hizi hizi, na mume huyu huyu. Ila ningejua. Watoto wangu wanne nimewalaza bila kuwaimbia, nikidhani nitawachekesha."

Alilia kidogo bila sauti. Nilitazama chini.

Kisha akaita, "Modesta, njoo."

Binti akaja akifuta mikono. Kabula akaniambia, "Sema tena. Yale maneno. Mwambie huyu."

Mbele ya yule binti nikasema yote. Nani alipiga simu, mama yake aliimba wapi, yule mtu alisema nini, na mimi nilifanya nini. Modesta alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akachuchumaa pale chini karibu na miguu yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, wewe ulikuwa unaimba?"

"Nilikuwa naimba," Kabula akajibu.

Nikainuka niage. Kwa kweli nilitaka kukimbia. Akaniambia nikae, chakula kipo jikoni. Ukaletwa ugali wa muhogo na sato. Nikanawa. Tukala watatu, upepo wa ziwa ukiingia na kutoka barazani. Nilikuwa nimemega tonge la pili nikashindwa kulimeza.

Akaniona.

"Sijakusamehe bado," akasema, akanisogezea kipande kikubwa cha samaki. "Kula."

Nikala.

Ni wiki tatu sasa. Hajanipigia. Mimi pia sijampigia, naona zamu si yangu. Sijui kama ameimba, na nimejizuia kumuuliza Respicius.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Nilidhani nimemficha mtu safari, kumbe nilimficha yeye mwenyewe. Mtu akikupa neno jema umpelekee mwenzako, neno lile si lako hata kidogo. Usilipime kama litamfaa au litakuharibia wewe. Lipeleke lilivyo, siku hiyo hiyo.

Najua humu mpo mliowahi kupiga kwenye bendi ndogo za Musoma, Bukoba, Shinyanga na kwingine, bendi ambazo hakuna redio iliyowahi kuzitaja. Niandikieni majina ya wenzenu hapa chini, na nani alikuwa anaimba.

Na kama kuna mwenye neno la mtu amekaa nalo, asihangaike kunijibu mimi. Ampigie huyo mtu kwanza.